Soksi ya Mkono wa Kushoto

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba hiyo lilikuwa dogo, hata mume hakulitilia maanani. Mkewe alishika kitita cha uzi wa sufu, rangi ya majivu, akamwambia, "Nipe mikono." Mume akainyoosha. Mke akauvika uzi kwenye viganja vyake viwili, akaketi mbele yake, akaanza kuuzungusha kuwa donge.

"Usilegeze," akasema mke.

"Silegezi."

"Unalegeza. Unaangalia dirishani."

Donge lilipokamilika, mke akachukua sindano zake, akaanzisha vitanzi, akafuma mizunguko michache. Kisha akaiweka kazi kikapuni, akasema mwili umechoka, ataendelea kesho.

Ndugu zangu, kesho yake alikuwa hospitali. Jumapili iliyofuata alikuwa kaburini.

Watu hawa sitawapa majina. Nyumba yao iwekeni mnapotaka, mradi iwe juu huku kwenye mashamba ya chai, mahali ambapo mwezi wa Saba mtu huona pumzi yake mwenyewe mpaka asubuhi inapokaribia kwisha. Mume alifanya kazi ya kupima mbao kiwandani hadi alipostaafu. Mke alifuma.

Alichokuwa akifuma siku ile ni soksi ya mkono. Wengine huziita glavu zisizo na vidole, lakini sisi tunasema soksi za mikono, maana ndivyo zilivyo: soksi inayoishia kabla ya vidole, yenye tundu pembeni la kupitishia dole gumba. Mchuma chai hawezi kuvaa glavu kamili. Jani la chai huchaguliwa kwa ncha za vidole. Ukizifunika, unachuma kila kitu, pamoja na vijiti. Lakini ukiuacha mkono wote wazi kwenye umande wa alfajiri, vidole vinakufa ganzi, na kidole kilichokufa ganzi hakichagui chochote.

Jirani yao alikuwa mchuma chai, naye alikuwa na mikono ya namna hiyo. Baridi ikizidi, ncha za vidole vyake zinakuwa nyeupe na kikapu chake kinabaki nusu. Msimamizi wa shamba alikuwa ameshamwonya. Basi yule mke alimwahidi: "Kabla ya mwezi wa Saba utakuwa na soksi zako." Ya kulia aliimaliza. Ya kushoto ndiyo iliyobaki kikapuni, upana wake kama vidole viwili, ingali kwenye sindano.

Baada ya mazishi, mume aliweka kile kikapu juu ya kabati la chumbani. Jirani hakuuliza. Ni yeye aliyekuwa akifua mashuka ya mgonjwa siku zile za homa kule hospitali, lakini hakuuliza. Utaanzaje kumdai mtu aliyefiwa soksi?

Aliyeuliza ni shemeji wa yule mume, mdogo wa marehemu, ambaye alibaki baada ya matanga ili nyumba isipoe ghafla. Naye alijua kufuma. Yeye na dada yake walifundishwa na mama yao.

"Shemeji," akasema, "nishushie hicho kikapu. Nitaimaliza mara moja, jirani avae."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Vitanzi ni vyake."

"Ni vyake, ndiyo. Sasa vitajifuma vyenyewe?"

Yule mwanamume akatazama mikono yake. Kisha akasema, "Nifundishe. Nitaimaliza mimi."

Shemeji akacheka, na hilo lilikuwa cheko la kwanza ndani ya nyumba ile tangu msiba. "Wewe? Wewe uliyekwenda kanisani na pini kifuani kwa sababu kifungo kimekushinda?"

"Nifundishe."

Akamfundisha. Alifumua sweta kuukuu jekundu, akampa uzi wake wa kujifunzia. Soksi ya mkono hufumwa kwa sindano nne fupi zenye ncha pande zote mbili: tatu zinashika vitanzi, ya nne inafuma. Huigeuzi kazi. Unazunguka tu, unazunguka tena, na kitambaa kinashuka chini ya mikono yako kama bomba. Kwa mtu aliyezoea mbao, ambazo zina mwanzo na mwisho, ilikuwa taabu.

"Shemeji, unashika sindano kama mtu wa mishkaki."

"Zinateleza."

"Hazitelezi, unazinyonga. Huo uzi umekukosea nini? Ulegeze."

Lakini katika yote aliyomwambia, jambo moja alilirudia kila walipoketi. "Ukishaanzisha vitanzi, kabla hujaunga duara, laza sindano zako mezani uangalie. Ukingo wote uelekee ndani. Ukingo ukiwa umejizungusha kwenye sindano, hata mara moja, na wewe ukaunga hivyo hivyo, umeharibu."

"Na nikija kuona baadaye?"

"Baadaye hakuna dawa. Utafuma vizuri, utafuma kwa mwaka mzima, lakini umeufungia mpindo ndani. Ni kufumua mpaka mwanzo."

Akina mama mnaofuma mnatikisa vichwa. Mnaijua hiyo. Nadhani kila mmoja wenu imewahi kumkuta.

Mikono yake ilipotulia, yule mwanamume alipanda juu ya kiti, akakishusha kikapu. Shemeji akamwambia amwonyeshe kwanza. Akaipokea ile kazi, akaitandaza kwa vidole kutoka sindano ya kwanza hadi ya tatu, akaufuata ukingo kwa kidole gumba. Akaufuata tena.

"Shemeji. Hii imepinda."

"Imepinda wapi?"

"Mwanzoni kabisa. Pale alipounga."

"Yeye hakosei."

"Hapa alikosea. Mkono ulikuwa na homa."

"Usimseme marehemu."

"Simsemi marehemu, nasema soksi. Ni mizunguko michache tu. Fumua, tuanzishe upya, chai haitakuwa imechemka tutakuwa tumefika hapa hapa."

"Unaniambia nifumue kitu cha mwisho alichokishika."

Sasa nawauliza ninyi: mngefanya nini? Msinijibu haraka. Humu ndani kuna mtu mwenye kanga ambayo hajaifua tangu msiba, kwa sababu harufu ingali humo. Kuna mtu ambaye hajafuta namba ya simu ambayo haitapokelewa tena. Mimi simcheki mtu huyo, na ninyi msimcheke.

Yule mwanamume alisema soksi ni nzima. Shemeji akamtazama, akasema, "Mkaidi wewe. Haya, fuma," akafunga mzigo wake, maana naye alikuwa na nyumba na watoto waliomsubiri. Walipoagana pale nje alimshika bega akasema, "Ukichoka nipigie." Hakumpigia.

Akafuma. Kila alasiri alitoka barazani na sindano zake, na watu waliopita walimsalimu bila kusimama, kwa kuwa hawakujua waseme nini mbele ya mwanamume anayefuma. Kazi ilimwendea vibaya. Ilijikunja, ikajisokota, ikakataa kukaa kama bomba. Aliilazimisha. Mahali fulani moyoni alijua, lakini kila uzi ulipopita kwenye kidole chake aliona kwamba unatoka kwenye donge lile lile alilolizungusha mkewe, na unapanda juu ya vitanzi vile vile vya mkewe, na hapo hakuwa peke yake. Mtu wa namna hii hutamwambia kitu. Aliacha tundu la dole gumba, akapanda mpaka penye mizizi ya vidole, akafunga vitanzi, akakata uzi.

Akampelekea jirani soksi zote mbili, zimefungwa kwenye kitambaa safi.

Jirani alizipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. "Mungu amrehemu," akasema. Akaivaa ya kulia, ikaingia yenyewe. Akachukua ya kushoto. Ndani yake kulikuwa na mkunjo uliokatiza tundu toka upande huu hadi upande ule, kama mlango uliowekewa ubao. Akasukuma mkono. Akasukuma tena. Akauinua uso, akamtazama yule mwanamume, akaona jinsi anavyomtazama. Basi akakaza meno, mkono ukapita.

"Imenitosha, baba."

"Haikubani?"

"Kidogo tu. Sufu hulegea ikivaliwa."

Yule mwanamume alirudi nyumbani, na jioni hiyo alikula chakula chake chote.

Zilipita siku chache. Asubuhi moja alishuka shambani, si kwa shughuli yoyote, ila kuziona soksi za mkewe zikifanya kazi. Alifika penye mzani wakati wachumaji wamepanga mstari. Jirani yake alikuwa katikati, soksi zote mbili mikononi. Mkono wa kulia ulikuwa mkono. Wa kushoto ulikuwa umevimba juu ya kifundo, na vidole vyake vilitokeza vyeusivyeusi, vimekaa kama vya mtu mwingine. Kikapu kilikuwa hakijafika nusu.

Msimamizi akakitazama, akamtazama na yeye. "Mama, huo mkono wa kushoto umekuja kutalii?"

Wengine wakacheka. Walicheka kwa sababu mbele ya msimamizi kucheka ni salama kuliko kunyamaza.

"Nimekuonya mara ngapi? Kesho ukiniletea kikapu kama hiki, keshokutwa lala kwako."

"Nimesikia, mkubwa," akasema yule mama.

Yule mwanamume alimngoja hadi alipotoka kwenye mstari. Akamshika mkono ule, akajaribu kuivuta soksi, haikutoka. Akaivuta kidogo kidogo, akipitisha kidole chake chini ya mkunjo, mpaka ikatoka. Kwenye kifundo cha mkono palikuwa na alama ya kuzunguka, imeingia nyamani kama alama ya kamba shingoni mwa mbuzi.

"Kwa nini hukuivua?"

"Ningeivuaje, baba? Ya marehemu."

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Uliniletea kwa mikono yako mwenyewe. Ulikuwa umevaa shati la pasi."

Yule mwanamume akaigeuza soksi mkononi. Na akasema neno ambalo alikuwa amejiambia mwenyewe kila alasiri pale barazani: "Mwanzo wake ni kazi ya mkono wake. Ni kitu chake cha mwisho. Ndiyo maana sikufumua."

Yule mama alikuwa anasugua kifundo chake cha mkono. Alikuwa amechoka, ana baridi, na kesho yake ilikuwa imeshakatiwa hukumu. Labda ndiyo sababu alisema sawasawa, bila kuzunguka.

"Baba, mimi na marehemu tumekaa baraza moja miaka na miaka. Unajua nilimwona akifanya nini zaidi? Kufumua. Kuliko hata kufuma. Akiona kitanzi kimoja kimeruka huko chini, anachomoa sindano, anavuta, anaanza. Namwambia, mama, nani ataona? Ananiambia, mwenye mkono ataona. Hii hapa, angeiona, nisingetoka nayo mlangoni kwake. Angenivua huku ananitukana."

Akainama, akachukua kikapu chake, akarudi kwenye mistari ya chai.

Ndugu zangu, mmeona alichokuwa amekifanya mtu huyu? Kwa wiki nyingi aliamini kwamba anamtunza mke wake. Kumbe alichokitunza ni homa yake. Katika maisha yote ya mwanamke yule alichagua mizunguko michache ambayo yeye mwenyewe angeiaibikia, akaijengea, akaifuma juu kwa uaminifu mkubwa, kisha akaifunga kwenye mkono wa mtu aliye hai. Na desturi halisi ya mkewe, ile ya kufumua iliyomfanya kuwa yeye, aliiacha juu ya kabati.

Alirudi nyumbani, akaketi barazani na mkasi. Akakata fundo la mwisho, akauvuta uzi. Mnajua jinsi sufu inavyofumuka: hailalamiki. Ilianza kazi yake mwenyewe, ile aliyoipata kwa shida, ikatoka mzunguko kwa mzunguko na kulundikana miguuni pake. Alipokaribia ukingo alipunguza mwendo. Alijua kwamba sasa anaingia kwenye vitanzi vya mkewe, na alitaka kupajua mahali penyewe, apaone, labda asimame. Hakupaona. Uzi haukumwambia popote kwamba hapa umekoma wewe na hapa ameanza yeye. Uliendelea kuja, sawasawa, mpaka ncha ikamponyoka mkononi na hakukuwa na soksi tena.

Uzi uliofumuliwa hubaki na mawimbi. Umekaa katika umbo fulani na umbo hilo haliondoki mara moja. Wafumaji wengine huufua na kuutundika na jiwe ili unyooke. Yeye hakuufua. Aliuzungusha ulivyo.

Sasa sisi.

Mwaka huu tumezika wengi katika usharika huu, na nyumba ya mchungaji wenu haikurukwa. Sitasema zaidi ya hapo. Nasema tu kwamba sizungumzi na watu wengine walio mbali; nazungumza na tuliomo humu.

Iko familia hapa ambayo haivuki kwenda kwa jirani kwa sababu baba alisema msikanyage kule. Alisema lini? Alisema kitandani, siku zake za mwisho, ana maumivu, dawa imekwisha. Kwa miaka yake yote mzee yule alikula kwa jirani huyo na kunywa kwake, nasi tunajua, tuliwaona. Lakini sisi tumechukua neno moja la homa, tumelifuma mpaka limefika kwa wajukuu, na wajukuu wanasoma darasa moja bila kusalimiana. Iko kwaya hapa, msinikasirikie, ambayo huuimba wimbo wa kufunga ibada polepole hata wazee wanasinzia wamesimama, na ukiuliza unaambiwa ndivyo marehemu mwalimu alivyotufundisha. Mwalimu alitufundisha hivyo mwaka aliopata pumu. Kabla ya hapo aliuimba mbio. Wapo vijana waliokatazwa kuoana kwa neno la marehemu. Uko ukuta uliojengwa ukakatiza njia ya kisimani, na tunauheshimu kwa sababu aliyeujenga amelala.

Je, waliolala wangetushukuru? Wangetuambia, mmefanya vema kushika pale tulipokosea? Au wangetuvua kwa hasira huku wanatutukana?

Sisemi kufumua hakuumi. Anayekuambia hakuumi hajapata kufumua, au hajapata kumpenda mtu. Nasema tu kwamba kuna mkono ndani ya kitu tunachokitunza. Ni mkono wa mtu aliye hai, na mara nyingi mtu huyo anatuheshimu mno kiasi cha kutotuambia kwamba damu haipiti. Atasema, imenitosha, baba. Atasema, sufu hulegea. Msimwamini. Mtazameni vidole.

Wala Mungu hakutuomba tumlindie wafu wetu. Hao anao yeye, na anawajua kuliko tunavyowajua, pamoja na makosa yao, na hayamsumbui. Waliobaki ndio aliotuachia sisi.

Mtaniuliza kama ile soksi ya kushoto iliwahi. Haikuwahi. Soksi haifumwi usiku mmoja, hasa na mtu anayezinyonga sindano, na onyo la msimamizi lilikuwa la kesho. Basi asubuhi yake, jua likiwa bado nyuma ya kilima na umande umelala juu ya chai, yule mwanamume alivaa buti zake za kiwandani akashuka shambani. Akaingia kwenye mstari wa jirani yake, akasimama upande wa kushoto, akaanza kuchuma na kutia kikapuni mwa yule mama.

"Baba, hayo ni magugu!" wakamwambia wachumaji wengine, wakicheka, na safari hii walicheka kweli.

"Baba, majani mawili na chipukizi! Unakata mti mzima!"

"Mwacheni, anapima mbao!"

Msimamizi alisimama mwisho wa mstari akamtazama, akafungua mdomo, kisha akaenda kuwatazama wengine. Yule mama aliuingiza mkono wake wa kushoto ndani ya blauzi, kwapani, akaendelea kwa wa kulia. Yule mwanamume alichuma polepole na vibaya, vidole vikimuuma kwa baridi, na kikapu kilipokaribia kujaa jua lilivuka kilima, yule mama akautoa mkono, akaujaribu kwenye jani. Ulishika.

Hapo mwanamume akamuaga, akapanda nyumbani, akaketi barazani kuanzisha vitanzi.